Somo: Namna ya kuwafuata watoto wa konokono shambani, tangu yai mpaka gamba gumu

Wakuu, masika imeshika na konokono wametoka. Kila msimu kama huu lazima nimsikie mtu akisema kwake kuna konokono wa aina mbili, wakubwa wa kahawia na wadogo weupeweupe. Mara nyingi hakuna aina mbili. Wale wadogo ni watoto wa hao hao wakubwa, na mwenye subira ya mwezi mmoja anaweza kuwafuata tangu wakiwa mayai. Mimi nafanya hivyo Pangani, nyuma ya nyumba. Ninayemzungumzia ni yule mkubwa wa gamba refu lenye michirizi, ambaye wataalamu humwita Lissachatina fulica (vitabu vya zamani huandika Achatina fulica). Asili yake ni huku huku Afrika Mashariki. Kwingine duniani amepelekwa.

Hatua ya 1: mahali. Usianze katikati ya shamba. Nenda kwenye kisiki cha mgomba kilichooza, lundo la makumbi ya nazi, au chini ya ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe. Ukuta ule ni chokaa, na bila chokaa konokono hajengi gamba. Kwangu nawakuta usiku wamejibandika ukutani wanaukwangua kwa ulimi, maana ulimi wao una vijino vingi kama tupa.

Hatua ya 2: wakati. Toka na tochi usiku baada ya mvua, au alfajiri kabla jua halijapanda. Fuata ute. Ukimkuta mkubwa amezamisha kichwa na shingo ndani ya udongo na katulia tuli, usimguse. Huenda anataga.

Hatua ya 3: mayai. Kesho yake fukua pale pale kwa kijiti. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia jembe, nikapata uji. Mayai yako sentimita chache tu chini, rangi ya maziwa iliyoingia manjano, makubwa kidogo kuliko punje ya mtama, na yana ganda gumu. Fungu moja laweza kufika 100, 200 hata zaidi. Yatazame, rudisha udongo kama ulivyoukuta, kisha chomeka kijiti cha alama.

Hatua ya 4: kungoja. Kwa joto la Pwani, hesabu wiki moja mpaka tatu. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Siafu wakipita hapo, anza upya. Hakuna dawa.

Hatua ya 5: kuanguliwa. Hapa wengi hukata tamaa, kwa sababu siku ya kuanguliwa juu ya ardhi huoni kitu. Watoto hukaa chini siku kadhaa, na chakula chao cha kwanza ni ganda la yai walilotokea, wakati mwingine na mayai ya ndugu zao ambayo hayajapasuka. Ndiyo chokaa yao ya kuanzia maisha. Kisha usiku mmoja wenye mvua unawakuta juu ya majani makavu, wamejaa.

Mtoto wa konokono hapiti kwenye ubuu wala ukiluwiluwi. Anatoka na nyumba yake mgongoni, ndogo, nyembamba kama plastiki ya mfuko. Mmulike kwa nyuma uone: mwanga unapenya, na ukitulia utaona moyo wake unavyopiga. Mimi ningewapa watoto wa shule wote waone hilo kabla hawajafundishwa neno "moluska". Sasa mtafute mkubwa yeyote, utazame ile ncha ya gamba lake. Ndilo gamba alilozaliwa nalo. Hakulivua wala hakulibadilisha, aliongeza tu mdomoni, mzunguko juu ya mzunguko.

Hatua ya 6: alama. Gamba likifikia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, weka nukta ya rangi ya kucha pembeni kabisa ya mdomo wa gamba. Kausha kwanza kwa kitambaa. Baada ya wiki mbili nukta utaikuta imeachwa nyuma, na sehemu iliyo mbele yake ndiyo iliyojengwa karibuni. Wapake 10 au 12, maana wengi hutawaona tena: ndege, mijusi, na mabuu ya kimulimuli ambayo kazi yao ni kula konokono. Wanaobaki huweza kuanza kutaga wakiwa na miezi kama 6.

Vaeni glovu au mfuko mkononi, na naweni kwa sabuni. Konokono hubeba minyoo inayotoka kwa panya, ikiingia kwa binadamu inaweza kufika kwenye ubongo. Mboga za shambani zioshwe vizuri, na watoto wasiwatie mdomoni.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mbona kila ninayemkuta anataga? Madume wako wapi?*
Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja. Wawili hupandana, na baada ya hapo anaweza kuhifadhi mbegu mwilini kwa miezi mingi akaendelea kutaga peke yake. Ndiyo maana mmoja tu akihamia bustani mpya panajaa.

*Mama yao anawalinda?*
Hata kidogo. Akishafukia anaondoka, na hana dalili ya kuwajua.

*Shikamoo mwalimu. Ukutani kwangu kuna wadogo wamejiziba kwa utando mkavu tangu Januari. Wamekufa?*
Marahaba. Wamelala, wanangoja mvua. Usibandue utando, ndio unaowatunzia maji. Mwepesi sana ukimbeba, na ananuka, huyo ndiye amekufa.

*Wamemaliza mchicha wangu. Nimwage chumvi?*
Chumvi itaua udongo kabla ya konokono. Waokote kwa mkono usiku, siku tatu nne mfululizo, na ufukue mayai. Majivu husaidia yakiwa makavu tu. Nawapenda, lakini mchicha ni mchicha.

*Niko Marekani, mwanangu anataka nimletee wawili wadogo kutoka Tanga.*
Usithubutu, dada. Huko ni marufuku. Mwaka 1966 mtoto mmoja aliingia Miami na watatu kutoka Hawaii, bibi yake akawaachia bustanini. Kufikia 1975 walishaokotwa zaidi ya 18,000, na serikali ilitumia dola kama milioni moja. Mpigie video siku ya mvua.