Kupika maharage kwa kapu ili kuokoa mkaa

Loweka maharage nusu kilo usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yainjike kwa maji mapya yanayopita juu yake vidole viwili. Yatokote kwa nguvu dakika 20, mfuniko ukiwa umebana. Epua bila kufunua, uizamishe sufuria ndani ya kapu lililotandikwa blanketi kuukuu au sponji, unene wa sentimita 10 kila upande, chini pia. Juu weka mto. Yaache humo kwa muda wa saa 4 yaendelee kuiva kwa joto lake, kisha yarudishe motoni yachemke tena, ndipo uunge.

Yakibaki magumu, mara nyingi sufuria ilikuwa nusu tupu au mtu alichungulia. Mvuke ukitoka, joto limekwenda. Mkaa uliobaki ufungie kwenye debe lenye mfuniko: ukikosa hewa huzimika, kesho unawaka.