Kuonja pilipili ya chupa isokali

Jamani, pilipili ya chupa isokali sana msiipime kwa moto, pimeni ladha. Soma lebo kwanza, vitu hupangwa kuanzia kilicho kingi, ukiona maji, sukari na siki zimetangulia alafu pilipili iko mkiani basi hiyo ni siki ya rangi tu. Ukifungua inuse, inafaa inukie pilipili yenyewe. Tia tone kwa kijiko, lizungushe mdomoni ungoje kama nusu dakika maana ukali wake huja nyuma nyuma na wengi hukimbilia kuongeza kabla haujafika. Kisha ionje na mhogo wa kuchemsha usio na chumvi, ule wa kukaanga wa Lighthouse, kule ufuoni Mombasa, ushatiwa chumvi na ndimu hautakwambia ukweli. Mwisho chovya kiazi karai cha moto, kile kiazi cha kupakwa unga kikakaangwa, kapsaisini, yaani kile kinachowasha kwenye pilipili, huyeyuka kwa mafuta kwahivyo ukali utapoa, na kama bado unaisikia pilipili juu ya ule unga basi hiyo ni nzuri kweli. Kabla ya chupa nyingine usinywe maji, hayasaidii, kunywa mala, yale maziwa yaliyoganda. Mimi yenye ukwaju wa kweli ndo naipa namba moja, uchachu wake hukaa.