Somo: Minimalizimu ni nini hasa? Tuanze na makofi

Wapendwa, kila ninapoona mtu ameweka video ya piano laini, ya taratibu, akaandika juu yake "minimalizimu", roho inaniuma kidogo. Jina hilo halina uhusiano na ulaini. Lakini nikianza na maana mtasahau kesho, kwa hiyo tuanze na mikono.

HATUA YA 1. Tafuta mwenzako mmoja. Mwaka 1972 Mmarekani Steve Reich alitunga Clapping Music kwa ajili ya watu wawili na viganja vyao tu, bila ala yoyote. Wote wawili mnapiga hivi, kistari kikiwa ni pigo la kunyamaza:

pa pa pa – pa pa – pa – pa pa –

Hesabu: mapigo 12, makofi 8, mapengo 4. Rudieni mara 12 mkiwa pamoja. Kisha mmoja wenu abaki hapo hapo mpaka mwisho, asibadilishe kitu. Wa pili achukue kofi la kwanza alipeleke mwisho:

pa pa – pa pa – pa – pa pa – pa

Pigeni sasa polepole, msikilize. Kila anaponyamaza mmoja, mwenzake anapiga. Katika mapigo 12 hakuna hata moja lililo tupu! Hakuna aliyeongeza kitu, mpangilio ni ule ule, umesogea hatua moja tu, na tayari mnasikia mdundo ambao hakuna kati yenu anayeupiga peke yake. Mara ya kwanza nilipowafundisha vijana wawili wa kwaya yetu, walisimama katikati wakaulizana, "Nani anapiga hiyo?" Msogezo unaendelea hivyo hivyo hatua kwa hatua, na baada ya misogezo 12 mnakutana tena mlipoanzia.

Hapo ndipo penyewe. Minimalizimu ni vitu vichache, marudio mengi, na badiliko linalotokea waziwazi, msikilizaji akilifuata kwa masikio yake. Hilo la mwisho ndilo watu wanalisahau. Reich aliliandikia makala mwaka 1968, akisisitiza kwamba anataka mchakato usikike wakati muziki unapigwa, usifichwe kwenye karatasi ya nota.

HATUA YA 2. Sikiliza Piano Phase ya Reich, ya mwaka 1967. Wapiga piano wawili, mpangilio mmoja wa nota 12 uliojengwa kwa sauti tano tu. Mmoja anashika mwendo, mwingine anaongeza kasi kidogo kidogo mpaka amtangulie kwa nota moja. Wazo hilo Reich alilipata mwaka 1965 kwenye kanda: sauti ya mhubiri wa mtaani San Francisco kwenye mashine mbili zilizoanza pamoja, kisha zikaachana taratibu zenyewe.

HATUA YA 3. In C ya Terry Riley, 1964. Hii ningependa kwaya zetu ziijaribu. Ni vipande vifupi 53, na kila mpigaji anarudia kila kimoja mara anazotaka kabla ya kusonga mbele, ila asiwaache wenzake mbali. Kipande cha kwanza ni do fupi sana inayodondokea mi, mara tatu. Juu yake piano inagonga do za juu bila kukoma ili watu wasipoteane. Hilo la piano lilikuwa pendekezo la Reich, ambaye alikuwa mmoja wa wapigaji siku ya kwanza.

HATUA YA 4. Philip Glass, kwa mfano Two Pages ya 1968. Yeye anajumlisha: nota tano, kisha anaongeza au kupunguza, na mstari unarefuka na kufupika. Mwendo haupungui hata kidogo.

Neno lenyewe lilikuwa la wachoraji na wachongaji. Mwaka 1968 mhakiki Mwingereza Michael Nyman akalitumia kwa muziki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kwa hiyo muziki wa kutuliza akili siyo minimalizimu?

Jibu: Marahaba. Unaweza kuwa, ila utulivu siyo kipimo. Four Organs ya Reich, ya 1970, ni vinanda vinne vya umeme na kayamba, vikirefusha kodi moja tu (chord, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja) kwa muda mrefu. Ilipopigwa kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, New York, mwaka 1973, baadhi ya wasikilizaji walizomea. Hakuna aliyetulizwa pale.

Swali: Mbona hizi ni ngoma zetu tu, Wazungu wamezipa jina?

Jibu: Swali zito, nalichukua kwa uzito. Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe, na aliporudi akatunga Drumming. Hakuficha. Lakini Piano Phase ilikuwa imeshatungwa. Safari ilimthibitishia njia aliyokuwa ameianza. Na ukitaka kusikia sauti zikijazana mapengo, nenda Buganda: kwenye amadinda, marimba yao ya mbao, wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, nota za mmoja zinaingia katikati ya nota za mwenzake, na wimbo unazaliwa hapo. Mimi siiti amadinda minimalizimu. Ina jina lake na walimu wake, na ilikuwepo kabla.

Swali: Na Arvo Pärt? Kila orodha inamtaja.

Jibu: Ni jirani. Kuanzia Für Alina ya 1976, Mwestonia huyu anaweka sauti mbili: moja inatembea kwenye ngazi ya muziki (do, re, mi), nyingine inaruhusiwa nota za kodi moja tu. Uchache upo, kanuni ipo. Ila ule mdundo usiokoma haupo, na badiliko halikusogezi taratibu kama kwa Reich. Ningemweka chumba cha pembeni.

Swali: Tumejaribu makofi, mimi na mdogo wangu. Tukisogeza tu tunapotezana. Tufanyeje?

Jibu: Wewe unayesogea, usifikirie "nimetangulia pigo moja". Jifunze mstari wa pili peke yako kama wimbo mwingine kabisa, hata uuimbe ukiwa unapika. Mdogo wako naye asikutazame mikono. Agonge mguu wake na kubaki palepale. Mkishauweza huo, msogezo wa pili una mstari wake pia, anzeni nao hivyo hivyo.