Kuunguza na Kung'arisha Vishikio vya Mbao vya Bastola
Kwanza hakikisha kuwa bastola haina risasi, kisha fungua skrubu na uvitoe vishikio kabisa, kwa maana moto haupaswi kufika karibu na silaha yenyewe. Vanishi ya zamani iondolewe yote, kwani ikiungua hutoa moshi wenye madhara na kuacha mabaka. Baada ya hapo mbao isuguliwe kwa msasa namba 120, kisha 220, kwa kufuata mkondo wa nyuzi zake.

Mafundi wa Marekani hupenda mbao za miti ya mjozi (walnut) na mepo (maple) kwa kazi hii, ila mepo, kwa kuwa ni nyeupe, huonyesha michirizi ya moto vizuri zaidi. Pitisha ncha ya mwali wa kichomeo cha gesi haraka, bila kuituliza mahali pamoja. Rangi ya kahawia hujitokeza taratibu, kisha ghafla hugeuka nyeusi, hivyo ondoa moto mapema kuliko unavyodhani. Kingo nyembamba na ukingo wa tundu la skrubu huungua kabla ya sehemu nyingine. Kwa maoni yangu, michirizi isiyolingana hupendeza kuliko iliyopimwa.

Mbao ikishapoa, ondoa masizi kwa brashi laini ya shaba, kisha paka mafuta ya kitani kidogo sana na ufute yanayozidi, ukirudia kila tabaka linapokauka. Vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje, kwani vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.