Nyota za Ngomeni: mchezo wa vigae wa kuchezea barazani

Mimi ni seremala hapa Malindi. Mchezo huu nilimtengenezea mjukuu wangu kwa mabaki ya plaiwudi ya kabati la watu, na sasa ananifunga karibu kila Ijumaa tukitoka kuswali. Mchezo mmoja hauzidi robo saa. Kahawa haijapoa mmeshamaliza.

Kata vigae 25 vya sentimita 5 kwa 5. Katoni usiitumie, unyevu wa bahari utaikunja. Piga msasa pembe zote zifanane, na migongo ipake rangi moja. Seti yangu ya kwanza ilikuwa na kigae kilichomeguka pembe, na yule mtoto akikipapasa mfukoni anajua ni kile cha shimo jeusi, lile la angani linalomeza hata mwanga, kabla hajakitoa. Miezi miwili mizima mimi nasema ana bahati!

Kigae kimoja kichore jukwaa la kurushia roketi, kama lile la San Marco lililosimama baharini kule Ngomeni. Kumi viwe nyota, sita sayari, vinne setilaiti, vinne mashimo meusi. Chora uwanja wa nyumba 25 kwa chaki, tano kwa tano, jukwaa liweke katikati. Vilivyobaki vitie kwenye kimfuko cha leso.

Mnacheza wawili. Mmoja ana mistari inayoelekea baharini, mwenzake ana ile inayoikata, kutoka upande wa Mambrui, kaskazini, kwenda Watamu, kusini. Kwa hivyo kila kigae kimo kwenye mstari wako na wa mwenzako kwa wakati mmoja, na utamu wote uko hapo. Shikeni vigae viwili viwili. Ukiweka kimoja, chukua kingine mfukoni. Lazima kiguse ubavu wa kigae kilichokwisha kuwekwa. Kugusana kwa pembe hakufai.

Uwanja ukijaa, hesabuni. Nyota za mstari zizidishe kwa idadi yake: mbili ni pointi 4, tatu ni 9, nne ni 16. Sayari ni 3, mradi mstarini mna nyota, kwa kuwa sayari haina mwanga wake yenyewe. Setilaiti isiyo na mwenzake mstarini ni 5. Zikiwa mbili zimegongana, hazina kitu. Shimo jeusi humeza nyota zote za mstari, na sayari hubaki gizani.

Lakini shimo likikaa mstari mmoja na setilaiti isiyogongana, shimo hilo hulipa 6. Sharti hili sikulitoa hewani. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa hilo hilo la Ngomeni na setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kupima eksirei za angani. Siku ile Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru, ndiyo maana setilaiti ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia wataalamu kushuku kwamba kitu cha angani kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Basi na kwetu, mwenye Uhuru haliogopi shimo, hulitafuta.

Mgeni wa mchezo hukimbilia nyota. Nami nilikuwa hivyo. Siku moja nilikuwa na nne mstari mmoja, pointi 16, imebaki nyumba moja ya pembeni, nikaiacha nikingoja ya tano. Mjukuu wangu akashindilia shimo pale pale. Zangu zikamezwa zote, na mstari wake uliopita hapo ulikuwa na setilaiti: akavuna 11.

Tangu hapo, mstari ukifika nyota tatu naufunga mapema, hata kwa sayari. Shimo ukilipata mapema, lishike mkononi, usiwe na pupa. Kaa ukitazama ni wapi setilaiti yako inapokutana na nyota za mwenzako. Nyumba nne za kwenye pembe za uwanja huchelewa kujaa kwa sababu ya lile sharti la ubavu, na mashimo mengi huishia huko. Na hesabu mashimo yaliyotoka: la nne likishawekwa, rundika nyota bila hofu.

Mkitoka sare, mdogo kwa umri ndiye mshindi. Hilo alilitunga yeye, nami sikuulizwa.