Mistari ya paini hutoka kwa moto

Ukiwa na mbao za paini, zile zinazoshuka Tanga mjini kutoka Shume, usikimbilie vanishi. Piga randa, kisha pitisha tochi ya gesi haraka haraka, moto usitulie pahala pamoja. Sehemu laini huungua kwanza, ngumu hubaki. Ukisugua kwa brashi ya waya kufuata nyuzi, masizi yanatoka na mistari inasimama, unaihisi kwa kidole. Pangusa, paka mafuta ya kitani. Mninga usiusumbue, una rangi yake. Mbao iliyotiwa dawa, ile ya kijani kijani, usiichome kabisa: moshi wake ni sumu. Ndoo ya maji iwe karibu, upepo wa baharini hapa hauna adabu. Na jaribu kwanza kwenye kipande. Kibao changu cha kwanza kilitoka mkaa mtupu.