Namna ninavyofundisha historia ya waliohamia pwani, darasani Malindi

Walimu wenzangu, ukianza hii mada na orodha ya makabila umeshaharibu. Vitabu vingi vinaanza na Wabantu, Wakushi, Waniloti, mishale imejaa kwenye ramani, mtoto anakariri alafu anageuka anamuangalia aliekaa nae dawati moja anauliza wewe ni mshale gani. Mimi nataka atoke akijua kitu kimoja, kwamba kila nyumba Malindi ina njia ilopita kufika hapa, hata zile zinazojiita za wenyeji. Mpango huu ni wa gredi ya sita ila gredi ya saba pia wanauweza, tenga wiki mbili hivi.

Hatua ya 1: anza na staftahi

Waambie watoto kila mmoja aje na kitu kidogo kutoka jikoni, punje ya mahindi, kipande cha muhogo, korosho, pilipili, mbaazi, iliki, chochote kisichooza. Chora ramani ya dunia kwa chaki pale sakafuni, kubwa, watoto waweze kuingia ndani na kutembea. Alafu uliza, mahamri na mbaazi yanatoka wapi? Wote watapiga kelele pwani! Sasa waanze kuweka vitu mahali pake: mbaazi inaenda India, iliki pia India, ngano inaenda Mashariki ya Kati, pilipili inavuka bahari mpaka Amerika. Muhogo Amerika. Mahindi ya sima Amerika. Korosho, hizi tunazozijua Kilifi nzima, zinaenda Brazil, na walioleta ni Wareno. Hapo darasa linanyamaza kwa sababu hakuna anaeamini sima ni mgeni. Mtama na kunde zinabaki Afrika, hakikisha kuna mtoto amezileta, la sivyo watadhani sisi hatukuwa na chakula na huo ni uongo mbaya kumuachia mtoto.

Usiharakishe hapa. Mtoto akishakubali kwamba chakula chake kimesafiri na bado ni chake, habari ya watu haitamtisha.

Hatua ya 2: upepo

Hii watoto wa wavuvi watakufundisha wewe. Waulize kaskazi inavuma lini na kusi lini, waje mbele wachore wenyewe. Kaskazi, Disemba mpaka Machi hivi, inaleta majahazi kutoka Arabuni na India, kusi inawarudisha. Uliza, nahodha akichelewa upepo anakaa wapi? Anapanga nyumba, anafanya biashara, anaoa. Hapo ndipo zilipotoka koo nyingi za mji huu na huna haja ya kutaja hata moja.

Kisha leta Vasco da Gama, yule baharia Mreno, lakini mlete kama somo la upepo na sio shujaa wa ile nguzo yake iliopo hapa Malindi. Alifika hapa Aprili 1498, mfalme wa Malindi akampa rubani, wakavuka mpaka Calicut, India, kwa siku 23 hivi. Kurudi hakusubiri kaskazi, akatumia kama miezi mitatu na mabaharia wengi wakamfia njiani. Waache watoto waseme wenyewe kwanini, watajua. Ongeza na twiga wa Malindi aliefikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415, miaka 80 na zaidi kabla ya Mreno, ili wajue mji huu haukugunduliwa na mtu.

Hatua ya 3: maswali ya nyumbani

Kila mtoto amuulize mtu mzima maswali matatu tu: wewe au wazee wako mlifika Malindi kutoka wapi, mlikuja kwa sababu gani, na mlipofika nani aliwapokea. Swali la kabila halimo na usikubali liingie. Sio lazima awe mzazi, kuna watoto wanalelewa na bibi, kuna mayatima, kuna wengine nyumbani hakusemeki, basi amuulize jirani, muuza samaki au ustadhi wa madrasa. Barua ya kuomba ruhusa iende siku moja kabla. Utapata Hadhramaut ya Yemen, utapata Ubajunini kule visiwa vya Lamu, utapata Gujarat ya India na Machakos, na wazee wa Kigiriama watamsimulia mtoto habari ya Singwaya, nchi ya asili ya wazee wao huko kaskazini, kumbe nao walihama.

Hatua ya 4: walioletwa kwa nguvu

Hapa ndio walimu wengi wanaruka, na mimi nakuomba usiruke. Malindi ilifufuliwa kuanzia 1861 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, na mashamba ya mtama na simsim yaliyoulisha mji yalilimwa na watumwa, wengi walitolewa huko Ziwa Nyasa na kusini. Utumwa ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1907. Waambie pia kwamba watu walitoroka, walijenga vijiji vyao bara, Fuladoyo ni kimojawapo, kwa hivyo sio hadithi ya kuonewa tu. Alafu unganisha na Mekatilili wa Menza, yule mama kiongozi wa Wagiriama, maana Waingereza walikuja kuwataka Wagiriama nguvu kazi kwa lazima, akawakatalia 1913, wakamkamata wakampeleka mpaka Kisii, akatoroka akarudi.

Masharti yangu ni haya. Usifanye mchezo wa kuigiza wa bwana na mtumwa, kamwe. Usimuulize mtoto yeyote babu yake alikuwa upande gani. Mtoto akitukana mwenzake kwa asili yake simamisha somo hapohapo, ongeeni.

Hatua ya 5: wa juzi

Hii ni fupi. Waitaliano walikuja miaka ya 60 na kituo cha roketi Ngomeni, wakarusha setilaiti kutoka baharini 1967, hoteli zikafuata. Wamakonde wazee wao waliletwa mashambani kutoka Msumbiji, wakaishi bila vitambulisho mpaka walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016, wakapewa uraia. Waulize watoto, mtu akizaliwa hapa na hana karatasi ni mgeni au sio? Waache wabishane, wewe sikiliza.

Kama skuli ina basi nendeni Gedi mwishoni, yale magofu ya mji wa kale, waone vigae vya China kwa macho. Kama haina, fukwe ya karibu na majahazi yatosha.

Kuhusu maksi: pima maswali aliyouliza na jinsi alivyoandika, usipime hadithi ya familia yake. Ukibandika kazi ukutani muulize kwanza kila mtoto, na mzazi akitaka karatasi ya mwanawe itolewe, itoe siku hiyohiyo bila kumuuliza kwanini.